Sifuri ya Jumatatu

Wilaya nzima ilimwita Bwana Saa Mbili, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa tabibu, msimamizi wa zahanati ya vyumba vinne nyuma ya tanuri za matofali, na kila Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, taarifa yake ya magonjwa ya kuambukiza ilikuwa imeshafika kwa simu ofisi ya afya ya wilaya. Wenzake walisukumwa kama punda waliogoma. Kuna msimamizi mmoja aliyedai kila wiki kwamba simu yake imetumbukia majini, mpaka watu wakamuuliza kama anakaa nchi kavu kama binadamu wengine. Saa Mbili hakuwa na visingizio. Kipindupindu, sifuri. Surua, sifuri. Mtoto aliyepooza ghafla, sifuri. Alituma, kisha akamalizia chai yake.

Kasoro ilikuwa kwamba chai hiyo aliinywa nyumbani. Daftari la wagonjwa lilikuwa zahanati, mwendo wa robo saa kwa baiskeli, na yeye alituma kabla ya kulifungua. Haikuanza hivyo. Miaka ya mwanzo alipitia kurasa za wiki nzima, mstari kwa mstari, ndipo anashika simu. Lakini wiki zilifuatana zote tupu, mkono ukazoea, na kwa kuwa sifuri ilikuwa kweli mara zote, hakujiona kama mtu anayesema uongo.

Jumatatu moja ya mwanzo wa mvua alituma sifuri zake kama kawaida, akapanda baiskeli. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu kwa siku ya tano, na njiani alipishana na wanawake wanaotoka kisima cha wachoma matofali na madumu kichwani. Alipofika, muuguzi alikuwa anamngoja mlangoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, bado ananukia chuo, na ndiye aliyeshika zamu mwisho wa wiki.

Alimfungulia daftari. Wagonjwa watatu, wawili wa Jumamosi na mmoja wa Jumapili, wote wa uchochoro mmoja karibu na kisima, wote wakiharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele. Mmoja alikuwa mchoma matofali, mwanamume wa miraba minne, aliyeingia ameshikwa mabega na macho yamezama. Muuguzi aliwapa maji ya chumvi na sukari, akamtundikia yule mwanamume dripu mbili, wakapata nafuu wakaenda zao.

"Sampuli hukuchukua?" Saa Mbili aliuliza.

Muuguzi alisema kabati la vichupa lilikuwa limefungwa, na ufunguo anao yeye Daktari. Ilikuwa kweli, ulikuwa mfukoni mwake wakati huohuo. Kisha muuguzi akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayemkumbusha mkubwa wake jambo, kwamba taarifa ya wiki bado haijafungwa, kwa hiyo wanaweza kuwaingiza hao watatu.

"Nimeshatuma."

"Si tunaweza kupiga simu tu, Daktari? Tuseme kuna watatu."

Bila shaka waliweza. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake: mtu mzima mmoja tu mwenye kuharisha hivyo na kuishiwa maji, piga simu siku hiyohiyo, chukua sampuli. Lakini Alhamisi ya wiki ile kulikuwa na mkutano wa mwaka wilayani, na zahanati yake ilikuwa ipewe cheti kwa kutuma taarifa wiki mia moja mfululizo bila kuchelewa. Suti ilikuwa imeshapigwa pasi. Angepiga simu kusema sifuri ya asubuhi haikuwa sifuri, swali la kwanza lingekuwa: uliitoa wapi, basi? Akamwambia muuguzi kwamba watu wamekula viporo, mvua zimeanza, matumbo yanachafuka kila mwaka. Watatu si mlipuko. Watawajumlisha kwenye taarifa ya wiki hii.

"Haya," muuguzi alisema, akafunga daftari.

Jioni ile, Saa Mbili alipofika nyumbani, kitu cha kwanza alichomwambia mkewe ni kwamba kuanzia leo maji yote ya kunywa yachemshwe, hata ya kupigia mswaki, na watoto wasinunue barafu njiani. Mkewe alishangaa. Akamjibu kwamba ni tahadhari ya mvua tu. Akasimama jikoni mpaka sufuria ikachemka, naye si mtu wa kusimama jikoni.

Jumanne walikuja wawili. Jumatano wanne. Muuguzi aliwaandika wote, na kila alipomaliza kuandika alimtazama Saa Mbili kidogo, kisha akaita mgonjwa anayefuata. Alhamisi Saa Mbili alikwenda wilayani na suti yake. Aliitwa mbele, akapigiwa makofi, akapigwa picha akiwa ameshika cheti kwa mikono miwili. Mtu mmoja nyuma alitania kwamba huyu akifa Jumapili taarifa yake ya Jumatatu itafika tu. Ukumbi ukacheka, naye akacheka.

Ijumaa asubuhi baraza la zahanati lilikuwa limejaa. Watu kumi na mmoja, wengine juu ya benchi, wengine sakafuni, na harufu ya kipindupindu, aliyowahi kuinusa mara moja tu maishani, alipokuwa mwanafunzi. Wa kumi na mbili aliletwa kwa baiskeli. Fundi baiskeli wa mtaani alikuwa amemfunga mkewe mgongoni kwa shuka na kupiga pedali kwenye tope lote lile. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na kila mtu alimwita Mama Mapacha kwa ajili ya watoto wake wawili wa miaka minne. Mapazia ya zahanati alishona yeye.

Alianza kuharisha usiku wa kuamkia siku ile. Mishipa ilikuwa imelala, mikono yote miwili. Muuguzi alichoma mara tatu akakosa. Saa Mbili alipiga magoti sakafuni akatafuta mguuni, akaupata mshipa, akafungua dripu ikimbie yote. Mama Mapacha alimtazama akamuuliza kama mapacha wamekula. Akamjibu ndiyo, ingawa hakujua. Saa sita kasoro akafariki.

Hapo ndipo alipotoka nje na kupiga simu wilayani.

Lazima atendewe haki katika hili: kuanzia saa ile alifanya kazi kama watu watatu. Timu ya wilaya ilifika Jumamosi alfajiri na mahema, klorini, vitanda vyenye tundu la kuharishia katikati na maboksi ya dripu. Kisima kikafungwa, ilionekana choo cha jirani kilikuwa kimebomoka na mvua na kumwagikia humo. Kambi ya wagonjwa ikawekwa kwenye uwanja wa shule. Saa Mbili alilala pale siku tisa. Alimwaga ndoo, alitafuta mishipa, alipita nyumba kwa nyumba akifundisha watu kutia dawa kwenye madumu. Waliougua walifika sabini na tatu. Waliokufa, watano. Waliomwona walisema huyu mtu ana moyo, na kila waliposema hivyo alitafuta ndoo nyingine ya kumwaga.

Kilichomshinda zaidi ni shukrani za Fundi, mume wa Mama Mapacha. Hata siku ya mazishi, mbele ya watu wachache walioruhusiwa kusogea, Fundi alisema kwamba mke wake hakufa kwa kukosa mtu wa kumhangaikia. "Daktari alipiga magoti sakafuni, jasho lake likamdondokea mke wangu," alisema. "Mungu amlipe." Saa Mbili aliinamisha kichwa, na watu wakadhani analia kwa unyenyekevu.

Nyumbani mkewe alikuwa ameendelea kuchemsha maji kila jioni. Siku moja, akimenya viazi, akasema bila kuinua uso:

"Jumatatu ile ulinambia nichemshe maji. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

Mkewe akaweka kisu chini. Akamwambia kwamba Jumanne yake alikutana na Mama Mapacha ana dumu kichwani, anatoka kisimani. Wakasimama wakazungumza habari za sare ya binti yao, pindo liachwe refu kwa sababu mtoto anakua. Wakazungumza muda mzuri tu. Yeye nyumbani kwake sufuria ya maji ya kuchemsha ilikuwa jikoni. "Nilimwacha akapita na dumu lake," alisema. Akarudia viazi vyake, na usiku ule alilala na watoto.

Wiki ya pili ya mlipuko akaja afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa kutoka wilayani, mama mtu mzima, mpole wa sauti, aliyejulikana kama Mama Ramani kwa sababu hakuwahi kufika mahali bila karatasi yake kubwa ya kuchorea nyumba na kutia alama kila penye mgonjwa. Alikaa kwenye chumba cha dawa, daftari kulia, taarifa za wiki kushoto, miwani puani. Hakuchukua muda.

"Hapa daftari lina watatu, Jumamosi na Jumapili," alisema. "Na hapa taarifa ya Jumatatu inasema sifuri. Imekuwaje?"

Walikuwa watatu chumbani, yeye, Saa Mbili na muuguzi. Saa Mbili alihisi masikio yakiwaka. Alikuwa na sentensi nyingi za kuchagua, akachagua ile iliyokuwa karibu kabisa na kweli.

"Mwisho wa wiki alikuwa zamu Sista. Mimi wakati natuma nilikuwa sijaonyeshwa."

Kila neno lilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye, jinsi alivyoyapanga. Muuguzi alimtazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kimakosa. Mama Ramani akamuuliza kama ni yeye aliyeandika. Akajibu ndiyo, ni mwandiko wake. Akaulizwa kama alimpigia msimamizi simu Jumapili. Akajibu hapana. Mama Ramani akaandika, akageuza ukurasa.

Barua ikaja baada ya siku nne. Muuguzi alitakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya wiki moja, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuchelewesha habari za ugonjwa wa hatari. Aliisoma amesimama dirishani, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa sare yake, kisha akaendelea kufunga vidonda mpaka saa tisa. Wagonjwa walipoisha akaja na karatasi mbili alizoandika kwa mkono.

"Daktari, sijawahi kuandika barua ya kujieleza," alisema. "Naomba unisahihishie kabla sijaipeleka."

Alizipokea. Angeweza kufanya nini? Akakaa, akatoa kalamu. Barua ilianza vizuri, kwa heshima. Ilisema kwamba aliwapokea wagonjwa watatu, kwamba aliwatibu, kwamba alipaswa kumpigia msimamizi simu Jumamosi ileile na hakufanya hivyo kwa kuwa aliona mwisho wa wiki asimsumbue. Aliomba radhi kwa familia zilizofiwa. Habari za Jumatatu, za mlangoni, za "si tunaweza kupiga simu tu", hazikuwamo. Saa Mbili alipitia mara mbili akizitafuta. Alisahihisha herufi moja kwenye neno "maelezo". Akaiweka kalamu chini.

"Mbona hukuandika kuwa uliniambia?"

Muuguzi alikuwa anapanga mikasi kwenye trei, akaendelea kuipanga. Alisema alifika hapa hajui kutafuta mshipa wa mtoto, na Daktari alimshika mkono akamfundisha, wiki nzima, bila kumfokea hata siku moja. Alisema nyumbani kwao hawakufundishwa kumtaja mkubwa mbele za watu. Halafu akaiacha mikasi, akamgeukia.

"Nilingoja ujitaje mwenyewe."

Saa Mbili hakupata usingizi, na kesho yake hakufika kazini. Alipanda gari la asubuhi akaenda wilayani na barua ya muuguzi mfukoni, ile ile, yenye herufi moja iliyosahihishwa. Alimkuta Mama Ramani peke yake, ramani imetandazwa mezani na kushikiliwa pembeni kwa vikombe. Akasema yote akiwa amesimama. Kwamba taarifa aliituma nyumbani bila kufungua daftari, na si Jumatatu ile tu. Kwamba nusu saa baadaye alionyeshwa, akaombwa apige simu, akakataa kwa ajili ya cheti. Kwamba aliwaambia watu wa nyumbani kwake wachemshe maji, na nje ya nyumba yake hakumwambia mtu.

Mama Ramani alivua miwani. Akamwita mezani, akachukua penseli, akaanza kugusa nyumba moja moja, zile ambazo ugonjwa uliingia kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi, siku ambazo kisima kingekuwa kimefungwa kama simu ingepigwa Jumatatu. Alihesabu kwa sauti. Zilikuwa nyumba ishirini na sita. Penseli ilipofika kwenye nyumba ya Fundi haikusimama, ilipita kama ilivyopita nyingine, na Saa Mbili alitamani ingesimama.

"Siwezi kukwambia kwamba wote hawa ni wako," alisema Mama Ramani. "Wengine wangeugua tu. Lakini siwezi kukwambia kwamba si wako."

Akampa karatasi aandike kwa mkono wake. Alipokuwa anaandika, yule mama alisema, kama anajisemea, kwamba wao wilayani walimpa cheti wiki mia, na katika wiki mia hizo hakuna aliyekwenda hata mara moja kulifungua daftari lake. Kwamba hilo nalo ataliandika, kwenye karatasi yake mwenyewe. Hakusema ili kumpunguzia mzigo, na mzigo haukupungua.

Lilibaki jambo moja, na hilo hakuna aliyemwamuru. Aliporudi alipitia karakana ya Fundi, kibanda cha mabati chenye matairi yaliyoning'inia. Mapacha walikuwa wanacheza na mnyororo mbovu kwenye vumbi. Fundi alikuwa ameweka gurudumu kwenye uma, anakaza spoki. Akamkaribisha, akamsogezea kigoda. Saa Mbili hakukaa. Alieleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza, maana aliona kwamba maneno mengi yangekuwa ya kujitetea.

Fundi alizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba, akakaza spoki moja, akazungusha tena.

"Kwa hiyo kwako mlikuwa mnachemsha."

"Ndiyo."

"Tangu Jumatatu."

"Ndiyo."

Gurudumu likapunguza mwendo mpaka likasimama lenyewe.

"Mambo ya kuandika sijui," Fundi alisema. "Hayo ni yenu na wakubwa zenu. Lakini ungepita hapa na baiskeli yako ukasema tu, jamani, chemsheni maji. Unapita kila siku. Mke wangu angekusikia. Alikuwa anakuheshimu sana."

Saa Mbili alijua kwamba hilo halikuwa limemjia kichwani. Siku zote zile alikuwa ameona njia mbili tu, kupiga simu au kutopiga. Alitaka kuomba msamaha, akafungua mdomo, na Fundi akainua mkono wenye grisi.

"Usiniombe leo. Na kwa sasa usinipitie hapa. Zunguka kule shuleni."

Akazunguka kule shuleni, siku hiyo na siku zote zilizofuata. Ni mbali zaidi kwa dakika saba.

Barua ya kumtaka muuguzi ajieleze ilifutwa, na taarifa za wiki akakabidhiwa yeye. Saa Mbili alivuliwa usimamizi, akaambiwa chanjo iliyopangwa kwa mtaa ikiisha atahamishiwa zahanati nyingine, chini ya tabibu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Hakukata rufaa. Mkewe alirudi kulala chumbani, lakini mambo ya kazi hakumuuliza tena, na yeye hakujua kama huko ni kusamehewa au ni kuchokwa.

Chanjo ya kipindupindu ilitolewa mwezi uliofuata, kwenye baraza la shule, meza mbili. Muuguzi alikaa ya kwanza, Saa Mbili ya pili, kila mmoja na boksi lake la barafu na orodha yake ya majina. Habari zilikuwa zimeshaenea mtaani, maana mtaa hauna pazia. Foleni ya muuguzi ilipinda mpaka kwenye ngazi. Yake ilikuwa na watu watano, kisha watatu, kisha hapakuwa na mtu. Wengi wao walikuja kwa haraka zao tu, na wachache kwa huruma, na hao wa huruma ndio waliompa shida kuwatazama.

Fundi alifika saa nne na mapacha, mmoja kila mkono, wamevaa sare za shule zilizowazidi kidogo, kazi ya mama yao. Akasimama mwisho wa foleni ndefu. Muuguzi alimwona, akamwita kwa adabu kwamba meza ya pili haina mtu, asogee tu, Baba Mapacha, jua ni kali. Fundi akajibu kwamba ahsante, atangoja.

Akangoja. Watoto walichoka, wakakaa chini, mmoja akalala kwenye paja la baba yake. Saa Mbili alipanga vichupa vyake, akavipanga tena. Hakuondoka mezani, ingawa muuguzi alimwambia anaweza kwenda kupumzika. Zamu yao ilipofika, mapacha walikunywa chanjo wakakunja nyuso kwa uchungu wake, wakacheka kila mmoja akimwona mwenzake, na baba yao akawafuta midomo kwa kiganja. Wakashuka ngazi bila kutazama upande wa pili.

Mwanamke mmoja mgeni mtaani, mwenye mtoto mgongoni, akaja akauliza kama hapa napo wanachanja. Saa Mbili akasema ndiyo, karibu. Akafungua kichupa, akauliza jina la mtoto, akashika kalamu, kisha akamwomba yule mama alitaje tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa amelisikia.